Geti kwa Mtu Asiye na Ukuta: Kisa cha Vijana wa Moba Waliofundishwa Ufundi Mbeya

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu kikundi kidogo cha vijana wa Kikongo, wasiozidi ishirini, waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Moba na kuja Mbeya kujifunza uchomeleaji wa vyuma katika chuo kimoja cha ufundi kinachomilikiwa na kanisa. Walikaa miezi sita, wakafaulu mtihani wa chuo, wakapewa vyeti katika mahafali yaliyohudhuriwa na wachungaji wa pande zote mbili za ziwa, kisha wakarudi kwao. Mwaka mmoja baadaye taarifa kutoka ng'ambo ilionyesha kwamba wengi wao walikuwa wanalima, wanavua au wamekaa tu. Walioishi kwa ufundi walikuwa wachache, na ufundi wenyewe haukuwa ule waliofundishwa darasani. Chuo kiliniomba nisaidie kueleza kilichotokea kabla hakijapokea kundi la pili. Jina la chuo nimeliacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Walikotoka

Moba iko kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, karibu mkabala na bandari yetu ya Kabwe wilayani Nkasi, katika jimbo la Tanganyika lililoundwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Vita vya Kongo vya mwaka 1998 hadi 2003 viliwafukuza watu wengi wa huko, wengine wakakimbilia Zambia katika kambi za Kala na Mwange, wengine wakaja Kigoma. Kuanzia mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarejesha kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwaka 2010. Kaskazini na magharibi mwa jimbo hilohilo, kuzunguka Kalemie, Manono na Nyunzu, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalizuka tena kuanzia mwaka 2013 na kupamba moto mwaka 2016, kwa hiyo hata waliokwisha kurudi hawakuacha kusikia habari za watu wanaohama.

Kijana aliyezaliwa kambini mwaka 2000 alirudishwa akiwa na miaka kati ya saba na kumi, katika kijiji ambacho wazazi wake walikijua na yeye hakukijua. Kambini alizoea shule ya karibu, maji ya pampu na chakula cha mgao. Kijijini alikuta shamba la babu yake limekwisha kulimwa na jamaa waliobaki, na kulidai kulikuwa kuanzisha ugomvi ndani ya ukoo mmoja. Baba yake, kama alirudi hai, alirudi bila ng'ombe, bila nyavu na bila deni lolote ambalo mtu mwingine alipaswa kumlipa.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu andiko la mradi liliwaita vijana hawa walioathiriwa na vita na kuishia hapo, kana kwamba hasara yao kubwa ilikuwa kukosa ujuzi. Nilipozungumza nao kwa simu na kwa ujumbe wa sauti, jambo walilolitaja mara nyingi zaidi lilikuwa kukosa watu. Hapa Mbeya kijana wa Ilemi au Iyunga anayetaka kuingia gereji hupelekwa na mjomba, au na jirani anayefahamiana na fundi. Humshikia fundi spana mwaka mzima au miwili, analipwa pesa ya chakula, na siku anapojitegemea fundi wake ndiye anayemdhamini kwa mwenye duka la spea ili apewe mali kwa mkopo mdogo. Mlolongo huo wa fundi na mwanagenzi hauandikwi katika sera yoyote, lakini ndio unaowaajiri vijana wengi zaidi kuliko vyuo vyote vya mkoa. Vita vilipopita Moba viliukata. Mafundi wakubwa walikufa au walibaki Zambia na Lubumbashi, na waliorudi walikuta vijana wengi wasio na mtu wa kuwashika mkono.

Kwa nini uchomeleaji

Sababu ya kuchagua uchomeleaji ilikuwa rahisi: chuo kilikuwa na karakana ya uchomeleaji. Kilikuwa na walimu wawili wazuri, mashine za kutosha na nafasi iliyoachwa wazi na wanafunzi waliomaliza. Mfadhili alitaka fani moja inayoweza kuonyeshwa kwenye picha, na cheche za grenda hupendeza pichani kuliko mtu aliyeinamia injini chafu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Chuo kilifundisha kile kilichokuwa nacho, na vijana walipokea kile walichopewa, maana mtu aliyekulia kwenye mgao hazoei kuulizwa anataka nini.

Uchomeleaji ni kazi nzuri kwa Mbeya. Ukishuka barabara kuu kutoka Uyole hadi Mbalizi utaona mageti mapya yameegemezwa nje ya karakana, mengine yamepakwa rangi ya kwanza tu yakisubiri mteja amalizie malipo. Mji unajengwa, mtu akimaliza kupaua anataka grili za madirisha, na akipata fedha kidogo anazungushia uzio na kuagiza geti. Kwa maneno mengine, geti hununuliwa na mwenye ukuta. Vijana wale walikotoka, katika vijiji vilivyoko nje ya mji wa Moba kuelekea nyanda za Marungu, nyumba nyingi ni za tofali za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, milango ni ya mbao, na uzio ukiwepo ni wa miti. Mteja wa geti hayupo, na hatakuwepo kwa miaka kadhaa, hata amani ikidumu.

Hata kazi ndogo zilizokuwepo hazikulipa. Kijana mmoja aliyekuwa hodari kuliko wenzake, ambaye walimu wa chuo bado wanamtaja, alieleza hesabu yake vizuri zaidi kuliko taarifa yoyote ya tathmini niliyoisoma. Kijijini kwao hakuna umeme wa gridi. Ili achomelee fremu ya baiskeli iliyokatika ilimpasa akodi jenereta, anunue petroli inayouzwa kwa chupa kandokando ya njia, aagize rodi za kuchomelea kutoka mjini, na mwisho mwenye baiskeli amlipe debe la mahindi kwa sababu hana fedha taslimu. Petroli haikubali kununuliwa kwa mahindi. Baada ya kazi chache aliona kwamba kila akichomelea anazidi kuwa maskini, akaacha.

Katika karakana ya chuo kila mwanafunzi alikuwa na mashine yake, skwea paipu zililetwa zikiwa zimekatwa vipimo, na umeme ulipokatika mwalimu alitangaza mapumziko. Hakuna siku hata moja walipofundishwa kufanya kazi kwa mtu asiye na fedha, mahali pasipo na umeme, kwa vyuma chakavu. Wahitimu walipewa cheti, fulana na nauli. Mashine hawakupewa, kwa sababu bajeti ilikwisha kwenye mafunzo, malazi na mahafali.

Waliofanikiwa

Vijana watatu walikuwa wanafanya kazi kila siku taarifa ilipoandikwa. Nilipouliza walichokifanya tofauti na wenzao, jibu halikuwa katika kumbukumbu za chuo. Jumamosi na siku za mapumziko walikuwa wakitoroka bweni na kwenda Mwanjelwa, kwenye gereji moja ya pikipiki iliyoko nyuma ya soko, kwa sababu fundi wa pale alikuwa akiwapa chai na chapati wakimsaidia kuosha injini. Baadaye akaanza kuwaachia kabureta. Niliwahi kumwangalia fundi huyo akimfundisha kijana mwingine kazi ileile: alifungua bakuli la kabureta, akatoa jeti, akaielekeza kwenye mwanga ili kijana aone kwamba kitundu kimeziba, kisha akachomoa uzi mmoja mwembamba kutoka kwenye waya wa breki uliokatika na kuzibua kitundu kile taratibu, akapuliza kwa mdomo, akarudisha. Pikipiki iliyosukumwa hadi pale ikaondoka inawaka. Kazi nzima haikutumia umeme, na kifaa kikuu kilikuwa taka.

Moba kuna pikipiki nyingi kuliko magari, kwa sababu barabara za huko haziruhusu gari msimu wote, na mwenye pikipiki iliyoharibika anapoteza kipato kila siku inapolala. Mtu huyo hutafuta fedha popote ili alipe, tofauti na mwenye baiskeli iliyokatika fremu, ambaye anaweza kutembea kwa miguu hadi baada ya mavuno. Vijana wale watatu walirudi na seti ya spana, bisibisi na plaizi walizonunua kwa pesa ya kubebea mizigo sokoni, wakaanza chini ya mwembe karibu na gati. Fundi wa Mwanjelwa bado huwapigia simu kuwauliza spea gani inakwisha haraka. Kwa maoni yangu simu hiyo ina thamani kuliko cheti walichopewa, kwa sababu inawaunganisha tena na mlolongo ambao vita viliukata, safari hii ukiwa umevuka ziwa.

Ndipo nilipofikia hoja yangu kwa chuo. Mradi ulianza na ujuzi, ukatarajia kwamba vifaa vitapatikana baadaye na wateja watajitokeza wenyewe. Mpango unaofaa kwa nchi iliyotoka vitani ni ule unaomtafuta kwanza mtu aliye tayari kulipa, kisha unatafuta kifaa kinachoweza kufanya kazi katika mazingira yake, na mwisho unamtafutia kijana mafunzo ya kile tu kitakachohitajika.

Kilichoonekana kwingine

Hoja hiyo sikuibuni mwenyewe. Mfano ulionishawishi zaidi ni wa kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya Uganda, kupitia mfuko wake wa kujenga upya eneo hilo unaojulikana kwa kifupi kama NUSAF, iliwaalika vijana wajiunge katika vikundi, waandike wanataka kufanya kazi gani, watamlipa nani awafundishe na watanunua vifaa gani. Vikundi 535 vilikidhi masharti, fedha hazikutosha wote, na waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu. Kila mwanakikundi aliangukiwa na wastani wa dola 382 za Marekani, kiasi kinachokaribia kipato chake cha mwaka mzima, na baada ya hapo hakuna aliyewafuata kuwasimamia. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye vifaa na malighafi, huku ada ya mafunzo ikichukua sehemu ndogo, na mara nyingi ikilipwa kwa fundi wa palepale. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia na kukuta kwamba baada ya miaka minne kipato cha waliopata fedha kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa, na mali zao za biashara zilikuwa juu kwa asilimia 57.

Mfano huu una upande wake wa pili, na ninaona wanaopenda kuutaja huwa wanauruka. Baada ya miaka tisa waliokosa fedha walikuwa wamewafikia wenzao kwa kipato, kwa kuwa nao walijikusanya polepole wakaanzisha shughuli zao. Tofauti iliyobaki ilikuwa katika mali na katika idadi ya wanaofanya kazi za ufundi. Aidha, watafiti hawakuona kwamba fedha zile zilibadilisha sana mahusiano ya vijana na jamii au msimamo wao wa kisiasa. Kwa hiyo fedha ya mkupuo humvusha kijana miaka migumu ya mwanzo. Haimpi maisha mapya, na anayeiuza kwa wafadhili kama dawa ya amani anauza asichokuwa nacho.

Mfano wa Liberia unagusa suala la amani kwa karibu zaidi. Huko wapiganaji wa zamani walipewa mafunzo ya kilimo, ushauri na pembejeo, na ilionekana kwamba walihamisha sehemu ya muda wao kutoka kwenye uchimbaji haramu wa madini na ugemaji haramu wa mpira kwenda mashambani, bila kuacha kabisa shughuli hizo. Mwaka 2011 vita vilipozuka Côte d'Ivoire na mawakala wakaanza kutafuta askari wa kukodi, waliojiepusha nao zaidi walikuwa wale ambao bado walikuwa wanangojea sehemu ya mtaji wao. Kujua kwamba kuna kitu kinakuja kuliwafunga zaidi ya masomo waliyokwisha kuyapata.

Sierra Leone, ambako zaidi ya wapiganaji 72,000 walisalimisha silaha kabla vita havijatangazwa kuwa vimekwisha mwaka 2002, wengi walipewa mafunzo mafupi ya useremala, ushonaji na ujenzi pamoja na vifaa vya kuanzia. Maseremala wakawa wengi kuliko wateja, na baadhi yao wakauza misumeno yao. Kazi iliyokuja kuwameza vijana wengi haikuwemo katika orodha ya mafunzo: waliingia kuendesha pikipiki za abiria katika miji kama Bo, Kenema na Makeni, wakaunda vyama vyao, na mji uliokuwa hauna usafiri ukapata usafiri. Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Nyanda za Juu Kusini zina historia yake katika mambo haya, ingawa tunaisahau. Wapiganaji wengi wa ukombozi wa Zimbabwe walipitia kambi ya Mgagao, Iringa. Nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1980, walioachishwa jeshi walilipwa dola 185 za Zimbabwe kila mwezi kwa miaka miwili, wakahimizwa kuanzisha vyama vya ushirika. Vyama vingi vilikufa, na mwaka 1997 serikali ililazimika kuwalipa tena maveterani dola 50,000 za nchi hiyo kila mmoja, mzigo ambao uchumi haukuubeba. Malipo ya mwezi yalimlisha mpiganaji, lakini hayakumtafutia mteja.

Umoja wa Mataifa uliandika sera yake kuhusu ajira baada ya vita mwaka 2009, ukigawa kazi katika njia tatu zinazokwenda pamoja: kazi za dharura za kutuliza hali, ufufuaji wa uchumi wa mahali husika, na ujenzi wa ajira za kudumu kitaifa. Mradi wa Mbeya ulijiweka kwenye njia ya tatu wakati Moba bado iko kwenye ya pili.

Kundi la pili

Chuo kiliahirisha kuwapokea vijana wapya na kuliomba kanisa la Moba lifanye kazi moja kwanza. Makatekista walitumwa sokoni, gatini na kwenye vijiji vitano kuuliza watu nini kiliharibika hivi karibuni, nani alikitengeneza, na alilipwa nini. Niliona karatasi zao. Zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine zimelowana, lakini zilikuwa na habari ambayo andiko la mradi halikuwa nayo. Pikipiki zilitajwa kila mahali. Zilifuatiwa na mashine za kusaga za dizeli, ambazo zikiharibika wanawake hutembea hadi kijiji kingine na mahindi kichwani, halafu injini za boti na paneli za sola. Karibu na mwisho kulikuwa na milango ya chuma, iliyotajwa na wenye maduka mjini tu.

Fani zikabadilishwa kuwa pikipiki na injini za dizeli, na mafunzo yakahamia kwa mafundi wa mtaani, chuo kikibaki na masomo ya jioni ya hesabu za biashara na usalama kazini. Hapo tukakutana na sheria. Mwanafunzi mgeni huingia nchini kwa hati ya ukaazi ya daraja C, ambayo haimruhusu kuajiriwa, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inamtaka anayemwajiri mgeni awe na kibali cha kazi. Fundi wa gereji akikutwa na kijana wa Kikongo ameshika spana anaweza kueleza vipi kwamba huyo hakuajiriwa? Ilibidi kila fundi apewe barua ya chuo inayoeleza kwamba kijana yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, kwamba halipwi mshahara, na kwamba chuo ndicho kinachomlipa fundi ada ya kufundisha. Ninawashauri wanaotaka kuiga mpango huu waanzie hapa, kwa sababu mpango mzuri uliokosa karatasi unaweza kumfikisha fundi asiye na kosa kwenye matatizo.

Kuhusu vifaa, tulibishana sana. Baadhi ya walimu walisema kijana akipewa seti kamili ataiuza akifika Sumbawanga. Mimi niliona kwamba hofu hiyo ina ukweli, kama Sierra Leone inavyoonyesha, lakini dawa yake si kumnyima. Mtu huuza msumeno anapokuwa hana cha kuukatia. Tulikubaliana kwamba kijana aondoke na spana za mkononi, na sehemu kubwa ya vifaa imfuate Moba baada ya miezi mitatu, makatekista wakithibitisha kwamba ameanza kazi. Somo la Liberia ndilo lililotupa wazo hilo. Vifaa vilipelekwa pamoja na shehena za mfanyabiashara anayevusha saruji ya Mbeya kupitia Rukwa, ambaye anazijua karatasi za forodha za pande zote mbili kuliko mradi wowote.

Malalamiko ya Mwanjelwa

Mafundi walikuwa na swali ambalo chuo hakikulitarajia. Mmoja wao alimuuliza mratibu, mbele ya vijana wenyewe, kwa nini Mkongo atafutiwe kazi ilhali mwanawe ana cheti cha ufundi na anaendesha boda ya mkataba, anampelekea bosi hesabu kila jioni na hana hakika kama pikipiki itakuwa yake kabla haijachakaa. Mratibu alimjibu kwa habari za upendo wa jirani. Sikulipenda jibu hilo. Fundi aliuliza swali la uchumi, naye alistahili jibu la uchumi.

Jibu ninaloliona ni kwamba kijana wa Mbeya naye anakwama palepale alipokwama wa Moba, ingawa hajakimbia vita. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikienda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Waliowahi kukaa na maafisa maendeleo ya jamii wanajua vikundi vinavyoundwa wiki moja kabla ya fomu kufungwa, ambavyo wanachama wake hawafahamiani, na ambavyo huomba fedha za kufuga kuku kwa kuwa kikundi cha mwaka uliopita kilipata kwa kuomba kuku. Hata hapo hakuna aliyeuliza kuku hao watanunuliwa na nani. Tofauti ni kwamba kijana wa Mbeya akianguka ana mjomba, na wa Moba hana.

Jambo moja la vitendo lilitokana na ubishi huo. Chuo kilikubali kwamba kwa kila kijana wa Moba anayepelekwa kwa fundi, fundi huyo apokee na kijana mmoja wa mtaani kwake, kwa ada ileile inayolipwa na mradi. Mfadhili alipinga mwanzoni, akisema fedha zake ni za nchi zilizotoka vitani. Alikubali alipoelezwa kwamba bila hivyo mafundi wataacha, na bila mafundi hakuna mradi. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na vijana wa mtaani waliomaliza sasa wanauulizia. Kwa wale wa Moba cheti hicho hakina uzito mkubwa nyumbani, kwa sababu mwenye pikipiki haombi kuona karatasi.

Lililobaki

Kundi la pili limekwisha kurudi, na bado ni mapema kulitolea hukumu. Waliosomea pikipiki wameanza kazi haraka. Waliosomea injini za dizeli wanapata taabu, kwa kuwa mwenye mashine ya kusaga humwita fundi aliyemzoea hata kama anakaa mbali, na kijana mgeni hupewa kwanza kazi ya kusafisha kichujio. Hilo linahitaji muda tu, na muda ndio kitu ambacho ripoti za robo mwaka hazikijui.

Kuna suala moja ambalo mimi na mfadhili hatujakubaliana. Yule kijana hodari wa uchomeleaji, aliyeacha kazi kwa sababu ya petroli na mahindi, aliondoka kijijini akaenda Kalemie, mji wa bandari wenye umeme. Sasa anachomelea matela na mageti ya maghala kwa mshahara. Katika fomu ya mradi jina lake limewekewa alama ya aliyepotea, kwa sababu hayupo tena katika eneo lililotajwa kwenye mkataba. Nimependekeza fomu iongezwe safu inayouliza mhitimu anafanya kazi gani na wapi, bila kujali kama amebaki kijijini, na safu nyingine inayouliza nani alimpokea huko alikokwenda. Chuo kimekubali safu zote mbili. Mfadhili amekubali ya kwanza, na ya pili anasema haiwezi kupimwa.